Nauli ya Kurudi

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam mgonjwa wake amelazwa wapi pale Muhimbili, huenda akakujibu kwa moja ya majina matatu: Mwaisela, Kibasila au Sewahaji. Majina hayo hutamkwa kama Kariakoo na Manzese, bila mtu kujiuliza yalikotoka. Hilo la mwisho ni jina la mfadhili. Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wa Bagamoyo, Ismailia mwenye asili ya India, aliyepata mali kwa kuiuzia misafara ya bara vitambaa na shanga na kuitafutia wapagazi. Miaka ya 1890, Wajerumani wakiwa ndio kwanza wameikamata pwani, alitoa fedha za kujenga hospitali mjini Dar es Salaam. Mwaka 1897 akafariki. Hospitali yenye jina lake ilitibu watu wa mji kwa zaidi ya nusu karne, hadi yalipofunguliwa majengo mapya ya Upanga mwaka 1956, yaliyoitwa kwanza Princess Margaret na baadaye Muhimbili.

Kwa hiyo hospitali ya taifa ina sadaka kwenye msingi wake. Walipita Wajerumani, wakapita Waingereza, ikaja serikali ya wenye nchi, na muda wote huo hakukosekana mtu wa kutoa fedha zake kwa ajili ya mgonjwa asiyemjua. Kilichobadilika ni kile anachoombwa alipie. Sewa Haji alilipia kuta. Leo, katika wodi ya watoto wenye saratani, fedha inayoamua nani apone mara nyingi ni ya tiketi ya basi.

Tuchukue mama anayetoka Kasulu, mkoani Kigoma. Ni mfano tu, lakini muuguzi yeyote wa wodi hizo ameshampokea mtu kama yeye. Mwanawe ana miaka sita. Shavu la kushoto limevimba na meno yanalegea. Nyumbani wanadhani ni jino; linang'olewa, uvimbe unaendelea kana kwamba haukuguswa. Zahanati inawatuma kituo cha afya, kituo kinawatuma hospitali ya wilaya, wilaya inaandika rufaa ya mkoa, na mkoani wanaandikiwa rufaa nyingine. Kila karatasi ina nauli yake na siku zake. Uvimbe wenyewe, ukiwa ni limfoma ya Burkitt, hausubiri karatasi. Hii ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote zinazompata binadamu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Basi linawashusha stendi ya Magufuli, Mbezi, baada ya zaidi ya kilomita elfu moja. Muhimbili wanapokewa, mtoto anatundikiwa dripu, na mama anaelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii akaandikiwe msamaha. Anaambiwa matibabu ni bure. Ni kweli, na ni habari njema, ila neno "bure" lina mpaka wake. Halimhusu mama mwenyewe, ambaye lazima ale. Haligusi sabuni, ndala, vocha ya simu, pampasi, wala kipimo ambacho mashine yake imeharibika wiki hiyo na inabidi kikafanywe nje. Haliwagusi watoto watatu walioachwa kwa bibi, wala shamba la mahindi ambalo msimu huu halitapaliliwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoandikwa kwenye faili la mgonjwa.

Cha ajabu ni kwamba dawa zenyewe za ugonjwa huu ni za zamani, na bei yake haitishi. Kuanzia mwaka 2004 hospitali za Tanzania, Kenya na Nigeria, Taasisi ya Saratani Ocean Road ikiwa mojawapo, zilianza kutumia mpango mmoja wa dawa tatu za kawaida: saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati. Matokeo ya wagonjwa 356, wengi wao watoto, yalichapishwa mwaka 2012. Baada ya miaka miwili, asilimia 62 walikuwa hai. Bila dawa, Burkitt huua ndani ya miezi.

Burkitt angalau ni vita vya miezi. Saratani ya damu, yaani lukemia, aina inayowapata zaidi watoto, hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Wiki za kwanza ni za wodini: sindano, kuongezewa damu, homa za usiku, nywele zinazobaki kwenye mto. Kisha mtoto anachangamka. Nywele zinaota, anakula, anagombana na wenzake juu ya mpira. Hapo ndipo hatari inapojificha, kwa sababu ugonjwa umelala tu, haujaondoka, na dawa lazima ziendelee. Mama anarudi kijijini na tarehe ya kliniki imeandikwa kwenye kadi. Tarehe inafika. Nauli ya kumpeleka hospitali mtoto aliyezimia, ukoo mzima utaichanga usiku huohuo. Nauli ya kumpeleka mtoto anayecheza mpira utaiombaje?

Madaktari hukuita kutorudi kliniki "kuacha matibabu." Ni neno baya, maana linamtwika lawama mtu ambaye kosa lake ni kukaa mbali. Lakini takwimu zake zinasema mengi. Utafiti uliofanywa Eldoret, Kenya, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa saratani waliokuwa hawana bima waliishia kukatiza matibabu. Na mwaka 2014 hospitali za Malawi, Ghana, Kameruni na nchi nyingine ziliungana kutibu kwa mpango mmoja uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto wadogo. Hawakuleta dawa mpya wala mashine. Walichofanya ni kukubaliana juu ya dozi, kuwahudumia vizuri watoto waliodhoofika, na kulipia familia gharama za matibabu na safari. Waliokatiza matibabu wakashuka kutoka asilimia 23 hadi 12. Watoto waliomaliza matibabu wakiwa hawana dalili ya ugonjwa wakapanda kutoka asilimia 52 hadi zaidi ya 68. Kampuni ya dawa ikitoa kidonge chenye uwezo huo, itakitangaza kwenye kila gazeti.

Hiyo ndiyo hoja ya sura hii, na mwandishi haoni sababu ya kuizungushia maneno: fedha za hisani hupenda kununua vitu vinavyoonekana, ilhali maisha ya mtoto mgonjwa hutegemea zaidi vile visivyopigwa picha.

Historia ya Burkitt mwenyewe inaonyesha fedha kidogo inavyoweza kufika mbali. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyezaliwa Ireland, alikuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alipomwita amtazame mtoto mmoja wa kiume. Taya za mtoto yule zilikuwa zimevimba pembe zote nne. Siku chache baadaye Burkitt akaona mwingine Jinja. Akaanza kuuliza. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni barani kote, akiomba kujua nani amewahi kuona uvimbe kama ule, na kila jibu alilitia alama kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu aina ya Ford wakazunguka kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, safari ya maili 10,000 hivi katika majuma kumi, wakigharimiwa kwa vijiruzuku ambavyo leo visingetosha kulipia warsha ya siku mbili hotelini.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi maabara yake, ambayo iliendeshwa kwa sehemu kwa fedha za mchango wa umma dhidi ya saratani. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi kipya, cha kwanza kuonekana kuhusiana na saratani ya binadamu. Watoto wa Uganda waliipa dunia ugunduzi ule. Walichopata wao ni hadithi nyingine.

Mwaka 1967, kwa msaada wa taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani, Mulago ilifungua kituo cha kutibu limfoma, ndio mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Daktari wa Kimarekani, John Ziegler, alikiongoza. Kituo kilikuwa kidogo lakini makini. Wagonjwa walioruhusiwa walifuatiliwa hadi vijijini, maana utafiti usingekuwa na thamani bila kujua nani bado yu hai. Halafu Idi Amin akashika nchi, na mwaka 1972, Wahindi wakifukuzwa na Wamarekani wakifungasha, Ziegler naye akaondoka. Fedha zilizokuja naye zikapungua. Daktari Mganda, Charles Olweny, akaachiwa wodi, wagonjwa, na majalada. Yeye na wauguzi waliobaki waliifanya taasisi isife, kipindi ambacho kupata hata dawa za kawaida kulikuwa bahati. Bila shaka wapo waliokumbuka wodi ile mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha ghafla sehemu kubwa ya misaada yake ya afya na kliniki za Afrika Mashariki zikawa zinauliza nani analipwa na nani mwezi ujao.

Kwa upande wa kukusanya fedha, darasa la kwanza lilifunguliwa Boston. Mwaka 1947 daktari wa patholojia ya watoto Sidney Farber alianza kuwapa watoto wenye lukemia dawa iitwayo aminopterini, na kwa mara ya kwanza ugonjwa ule ukarudi nyuma, japo kwa muda. Alihitaji fedha. Tarehe 22 Mei 1948 kipindi cha redio kilichosikilizwa Marekani nzima kiliunganishwa na chumba cha mvulana wa miaka 12, mgonjwa wake. Watangazaji walimpa jina la "Jimmy" ili kumsitiri. Alikuwa mpenzi wa timu ya besiboli ya Boston Braves. Wachezaji wakaingia chumbani mmoja mmoja, redio ikiwa hewani. Kisha wasikilizaji wakaambiwa: Jimmy hana televisheni ya kuangalia timu yake, na zikichangwa dola 20,000 atanunuliwa. Mwaka ule zilipatikana zaidi ya dola 200,000.

Angalia ufundi wake. Mtoto mmoja, jina fupi, kitu kimoja anachotamani, kiwango kinachofikika. Hakuna aliyeambiwa habari za mishahara ya mafundi wa maabara. Mfuko wa Jimmy upo hadi leo. Watu wengi walidhani mtoto mwenyewe alikufa siku nyingi, mpaka mwaka 1998, miaka 50 baadaye, dereva wa malori wa jimbo la Maine aitwaye Einar Gustafson alipojitokeza: Jimmy ni mimi. Televisheni alikuwa ameipata.

Kisha kuna Danny Thomas, mchekeshaji wa Marekani, mtoto wa wahamiaji wa Lebanoni. Alipokuwa hana kitu aliweka nadhiri kwa Mtakatifu Yuda Tadei. Nadhiri ikaja kuwa hospitali ya St. Jude, iliyofunguliwa Memphis mwaka 1962. Miaka mitano kabla, Thomas alikuwa amewakusanya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu waunde chama cha kuichangia, na familia za wagonjwa haziletewi ankara ya matibabu. Mwaka ule wa 1962 watoto wanne tu katika kila mia wenye lukemia ya aina inayowapata zaidi watoto walipona. Leo hospitali hiyo inahesabu 94.

Ni mafanikio ya kumvulia mtu kofia. Hata hivyo, mwaka 2021 wanahabari wa ProPublica waliandika kwamba hospitali ile ilikuwa na akiba ya zaidi ya dola bilioni tano, na bado baadhi ya familia zilikuwa zinamaliza akiba zao kwa vitu ambavyo ankara haivitaji: safari, malazi, kodi ya nyumba iliyoachwa, mshahara wa mzazi aliyeacha kazi akae na mwanawe. Baadaye hospitali iliongeza misaada ya usafiri na malazi. Memphis na Kasulu haziko karibu kwenye ramani yoyote, lakini akina mama wa huko na huku wangeelewana kwa dakika tano.

Huku kwetu fedha ya mgonjwa haianzii kwenye mfuko wenye nembo. Inaanzia kwenye kundi la WhatsApp. Anayeunda kundi ni binamu au mwalimu. Picha ya mtoto inawekwa, na namba ya simu ya kupokea mchango, na orodha inayokua kila saa: jina, kiasi, alama ya vema. Kenya wanaita harambee na wana namba ya peibili. Tanzania ni mchango tu. Wachambuzi hawaachi kulalamika kwamba watu walewale hutoa laki kwa harusi na elfu tano kwa mgonjwa. Lalamiko hilo limechakaa, na mwandishi huyu halikubali lote. Harusi ina kamati, ina kadi, ina tarehe, na mwisho wake kuna pilau. Mchango wa operesheni nao hujaa haraka, kwa sababu operesheni ina siku yake na bei yake. Ugonjwa wa miaka mitatu hauna hata kimoja cha hivyo. Mwezi wa kwanza kundi lina watu 200 na maneno ya Mungu kila asubuhi. Mwezi wa saba mama anaandika, "Habari za leo ndugu zangu, tunatakiwa kliniki Jumatatu," na simu zinamsoma kimya.

Tena kuna ile picha. Mtoto uvimbe ukiwa nje, macho yanatazama kamera. Inasambazwa kwa nia njema na inaleta fedha, kisha haifutiki. Jimmy wa Boston alifichiwa jina mwaka 1948, enzi za redio. Mtoto wa leo atakapofika kidato cha kwanza, mwenzake wa dawati ataitafuta kwenye simu na kuipata.

Ndipo umuhimu wa mashirika unapoonekana, pamoja na ubaya wake wote wa mabango na ripoti za rangi. Shirika zuri huibeba miezi ile mirefu ambayo kundi la WhatsApp haliwezi. Ocean Road, kwenye majengo ya kale ya Wajerumani mbele ya bahari, ndiko watoto wa saratani wa Tanzania walikokuwa wakitibiwa, wakichangia taasisi na watu wazima. Dkt. Trish Scanlan, bingwa wa saratani za watoto kutoka Ireland, alifika huko katikati ya miaka ya 2000 na hakurudi kwao. Baadaye huduma ikahamishiwa Muhimbili, na shirika la Tumaini la Maisha likasimama pembeni ya wodi ya serikali. Wodi ina madaktari na wauguzi wake; shirika linaziba mianya. Dawa ikikosekana, linatafuta. Familia isiyo na ndugu mjini, ambayo zamani ingelala kwenye kibaraza, ina nyumba ya kukaa, Ujasiri House. Humo watoto wanasoma na kucheza, na mama wa Kasulu anapata jiko, mahali pa kufulia, na mama mwingine aliyemtangulia miezi minne wa kumwambia kwamba vidonda vya mdomoni baada ya dawa ni vya kawaida, ampe uji wa baridi. Mtandao wa shirika hilo sasa unafika Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi, na kila hospitali inayojiunga inapunguza kilomita za mtu fulani.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliwahi kuonyesha njia nyepesi zaidi, kwa wagonjwa wengine kabisa. Kuanzia mwaka 2009, wanawake wenye fistula walitumiwa nauli kwa M-Pesa kupitia balozi wa kujitolea aliye karibu nao, akawakatia tiketi na kuwapakia kwenye basi. Upasuaji ulikuwa bure tangu zamani, na wagonjwa walikuwa hawafiki. Ilipotumwa nauli, wakafika.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini mambo haya yasilipiwe na bima au kodi. Tanzania ilijaribu. Toto Afya Kadi ilikuwa bima ya mtoto mmoja kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, bei ambayo mama lishe angeweza kuidunduliza. Kasoro yake ilikuwa rahisi kueleza kuliko kutibu: wazazi wengi walikumbuka kukata kadi mtoto akiwa ameshaugua. Michango ya wachache wenye wagonjwa haiwezi kulipia wagonjwa wenyewe, na bima ikageuka sadaka isiyo na mfadhili. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukasitisha kusajili mtoto mmoja mmoja na kuelekeza wasajiliwe kwa makundi kupitia shule. Hesabu zilikuwa sahihi. Mtoto wa miaka miwili mwenye tundu kwenye moyo, ambaye shule hana, hazikumhesabu. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, na kama itatekelezwa kama ilivyoandikwa, sehemu kubwa ya mzigo huu itaondoka mikononi mwa wahisani. Nauli haimo humo.

Kwenye magonjwa ya moyo, kwa kweli, hisani imefanya jambo ambalo ni adimu: imejipunguzia kazi. Kwa miaka mingi mtoto wa Kitanzania mwenye tatizo la moyo alitibiwa kwa kupelekwa nje. Wengi walikwenda India, na wengine, wakiwamo wengi wa Zanzibar, walikwenda Israeli kwa gharama za shirika la Save a Child's Heart, lililoanzishwa mwaka 1995 na Dkt. Ami Cohen. Cohen mwenyewe alifariki mwaka 2001 akiupanda Mlima Kilimanjaro. Kumsafirisha mtoto mmoja ni habari nzuri ya gazeti. Lakini shirika hilo pia lilimchukua Dkt. Godwin Godfrey, daktari wa Bugando, likamfundisha kwa miaka mitano upasuaji wa moyo wa watoto. Miaka mitano ya mwanafunzi haina picha ya kabla na baada. Leo watoto hupasuliwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Na wapo ambao hawatapona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka. Nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80, na katika nyingi za nchi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la asilimia 60 kwa dunia nzima ifikapo 2030, na baadaye St. Jude ikaahidi dola milioni 200 za kununulia dawa watoto 120,000 wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hata lengo hilo likitimia, kuna watoto ambao kazi iliyobaki kwao ni kuondoa maumivu. Hapo napo fedha hukimbia, maana hakuna mfadhili anayependa kuonyeshwa mtoto anayekufa vizuri.

Anne Merriman, daktari na mtawa wa zamani, alianzisha Hospice Africa mjini Kampala mwaka 1993 akiwa na fedha kidogo sana. Mofini yake haikuwa sindano ya gharama. Ilikuwa unga unaokorogwa kwenye maji, unawekwa kihifadhi, na unatiwa rangi ili aliye nyumbani, hata asiyejua kusoma, asikosee: kijani ni hafifu, waridi ni kali zaidi, buluu ni kali kupita zote. Mtoto hunyweshwa kijiko kila baada ya saa nne, na usiku dozi mara mbili ili kila mtu alale. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza kuruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini, na baadaye serikali ikaanza kuilipia kwa wananchi wote. Chupa zimeendelea kutengenezwa palepale, na shirika lililoanzishwa kwa michango.

Mama wa Kasulu tumwache stendi ya Mbezi, alfajiri, mtoto kamlalia pajani, uvimbe umekwisha na kichwa kinaanza kuota nywele laini kama za kifaranga. Begani ana mfuko wa rambo wenye vidonge na kadi ya kliniki. Tiketi ya kwenda amekatiwa. Ile ya kurudi baada ya wiki tatu hajapewa mkononi, kwa sababu fedha mkononi ina njaa ya kutatua. Itatumwa kwenye simu siku mbili kabla ya safari, na mtu wa ofisi atampigia. Anauliza tena, ili awe na uhakika, watapiga namba ipi, maana ile yake mtandao hausomi mpaka apande kilimani, bora wapige ya mwalimu.